Hedifoni za Stax za zamani: upande mmoja umefifia, draiva inalia, besi imepotea

Hedifoni ya elektrostatiki ya miaka ya 1970 au 1980 ikifika na upande mmoja una sauti ndogo, wengi hushika bisibisi kwanza. Ni kosa. Draiva nyingi (sehemu ya ndani ya kikombe inayotoa sauti) ambazo zingepona kwa kukaushwa siku mbili huishia kuchanwa na mikono iliyofungua mapema. Utafutaji wa tatizo uanzie nje: chanzo cha muziki, amplifaya, adapta (kisanduku kinachounganisha hedifoni na amplifaya ya kawaida na kuipa volti zake), plagi, waya. Draiva iwe ya mwisho kushukiwa.

Maelezo haya yanahusu hasa Stax za Japani, kwa kuwa ndizo zinazopatikana zaidi sokoni: SR-5, SR-X, SR-Lambda ya 1979, na Lambda Pro iliyofuata mwaka 1982. Kanuni zake zinafaa pia kwa chapa nyingine, lakini volti zitatofautiana.

Kinachofanyika ndani

Ndani ya kila kikombe kuna utando wa plastiki wenye unene wa mikroni chache tu, umepakwa tabaka linalopitisha umeme kwa shida sana. Utando huo umetandazwa katikati ya mabamba mawili ya chuma yenye matundu, yaani stata. Utando unapewa volti moja isiyobadilika, iitwayo bayasi. Muziki unapelekwa kwenye stata, moja ikisukuma wakati nyingine inavuta. Bayasi ikikosekana hakuna cha kusukumwa wala kuvutwa, na utasikia mnong'ono tu.

Stax za zamani zina bayasi ya volti 230 na plagi ya pini 6, na nafasi kati ya utando na stata ni takriban milimita 0.3. Za aina ya Pro zina volti 580, pini 5, na nafasi ya milimita 0.5. Plagi ya pini 5 inaingia kwenye soketi ya pini 6. Haitaharibu kitu, ila sauti itashuka kama desibeli 8 kwa sababu bayasi ni ndogo. Kinyume chake hakiwezekani, na pini ya sita ipo kwa makusudi hayo. Ukikuta hedifoni ya zamani imekatwa pini moja ili iingie kwenye soketi ya Pro, usiinunue. Utando uliopangiwa volti 230 umeshavutwa na 580, na hujui umevutwa kwa muda gani.

Angalia pia neno "Electret" kwenye kikombe. Modeli kama SR-40 zina chaji ya kudumu ndani ya malighafi yake na hazihitaji bayasi kabisa. Ni familia tofauti, na mengi ya hapa chini hayazihusu.

Usalama, kabla ya kugusa chochote

Chomoa adapta ukutani na subiri dakika 5. Ukiifungua, toa chaji ya kila kapasita kubwa kupitia rezista ya kilo-omu 100 yenye waya uliofunikwa, kisha pima. Usiendelee mpaka testa isome chini ya volti 5. Kuunganisha ncha za kapasita kwa bisibisi kunaunguza vitu na kunaweza kukuumiza.

Adapta haiwaki, au imeungua siku ya kwanza

Soma lebo ya nyuma. Vifaa vilivyouzwa Japani ni vya volti 100. Umeme wa ukutani Tanzania ni volti 230 na Kenya ni 240, kwa hiyo adapta kama SRD-7 au amplifaya kama SRM-1 Mk2 ya volti 100 ikichomekwa moja kwa moja, transfoma yake inaungua. Baadhi ya vifaa vina sehemu ya kubadilisha volti ndani, vingine havina. Lebo na ubao wa ndani ndivyo vya kuaminiwa, neno la muuzaji halitoshi.

Transfoma ya kushusha inayouzwa madukani mara nyingi hutoa 110, si 100. Hesabu kabla ya kununua: iliyotengenezwa kwa 230 kwenda 110, ikipewa 240, itatoa karibu 115. Hiyo ni asilimia 15 zaidi ya kinachotakiwa. Kama saketi ya bayasi haina kidhibiti cha volti, volti 580 zitakuwa kama 667. Tafuta transfoma halisi ya kutoa 100. Adapta ya SRD-7 inakula umeme kidogo sana, hivyo transfoma ndogo inatosha. Kwa amplifaya chukua ya VA 100.

Kimya kabisa pande zote

Anza na swichi ya mbele ya adapta. SRD-7 inaunganishwa kwenye vituo vya spika vya amplifaya ya kawaida, na swichi yake huchagua kati ya spika na hedifoni. Ikiwa upande wa spika, hedifoni hazipati kitu. Kisha fyuzi, kisha waya za spika.

Kuna mtego hapa unaoua amplifaya. Amplifaya ndogo za kisasa za daraja D, kwa mfano zenye chipu ya TPA3116, zina matokeo ambayo waya mweusi si ethi. Nyaya zote mbili zinabeba sauti. Baadhi ya adapta huunganisha weusi wa kushoto na weusi wa kulia ndani. Ukiziunganisha hizo mbili ni shoti. Kabla ya kuunganisha, weka testa kwenye omu na upime kati ya mweusi wa kushoto na mweusi wa kulia kwenye nyaya za kuingilia adapta. Ikisoma karibu sifuri, tumia amplifaya ya kawaida yenye ethi ya pamoja. Wati 20 hadi 50 kwa kila upande zinatosha.

Sauti ipo lakini ndogo sana pande zote mbili

Hii ni bayasi. Sauti inayosikika ni ya chaji iliyobaki kwenye utando, na itaendelea kufifia.

Kupima bayasi kunawachanganya hata mafundi wazoefu. Njia ya bayasi ina rezista kubwa kabla ya kufika kwenye soketi, kwa kawaida megaomu chache. Testa ya kawaida nayo ina megaomu 10 ndani yake. Vitu viwili hivyo vinagawana volti. Kama rezista ni megaomu 4.7, bayasi nzima ya 580 itasomeka karibu 395, na ya 230 itasomeka karibu 156. Saketi ya kuzidisha volti nayo hulegea kidogo ikibebeshwa mzigo, hivyo namba inaweza kuwa chini zaidi ya hapo. Usibadilishe kitu kwa sababu umeona 380. Ukitaka namba ya kweli tumia probu ya volti kubwa yenye gigaomu 1.

Kujua pini ya bayasi: bila muziki, pima kila tundu la soketi dhidi ya ethi. Matundu manne ya sauti yatasoma karibu sifuri, au volti chache kama ni amplifaya inayoendesha hedifoni moja kwa moja bila adapta, kama SRM-1 Mk2. Linaloonyesha volti nyingi ndilo la bayasi.

Ikisoma volti 40 au 90, saketi ya kuzidisha volti imechoka. Ni mlolongo wa dayodi na kapasita, na kapasita ndizo huchoka kwanza. Badilisha zote kwa pamoja, maana ukibadilisha moja, ya jirani itafuata. Thamani iwe ileile, volti iwe ileile au zaidi. Dayodi za 1N4007 zinafaa na ni za bei ndogo.

Rezista kubwa ya bayasi pia hupanda thamani kwa uzee. Ukiibadilisha, kumbuka kwamba rezista ya kawaida ya robo wati haikutengenezwa kuvumilia volti 580 kati ya ncha zake. Weka mbili za megaomu 2.4 mfululizo, au moja ya volti kubwa. Usiiruke kamwe kwa waya. Ndiyo inayohakikisha kwamba hata kukitokea shoti kamili, mkondo hauzidi kama mikroampea 123. Kifaa hiki kinakaa sentimita moja kutoka kwenye sikio la mtu.

Upande mmoja umefifia

Ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na lina sababu nyingi. Fuata mpangilio huu bila kuruka.

Weka rekodi ya mono. Vaa hedifoni kinyume, kikombe cha kushoto kwenye sikio la kulia. Kama sikio lilelile bado linasikia kidogo, tatizo si hedifoni: nenda kasafishwe sikio.

Likihama, rudisha hedifoni kawaida na ubadilishane nyaya za kushoto na kulia zinazoingia kwenye adapta. Udhaifu ukihamia kikombe kingine, tafuta tatizo kwenye amplifaya au chanzo. Ukibaki kwenye kikombe kilekile, ni adapta au hedifoni.

Kutenganisha adapta na hedifoni ni rahisi ukiwa na hedifoni nyingine ya aina hiyo. Kama huna, chomoa hedifoni, cheza mlio wa hezi 200 kwa sauti ndogo, na upime volti za AC kati ya matundu mawili ya sauti ya kila upande. Testa nyingi za bei nafuu husoma vibaya juu ya hezi 400, ndiyo maana hezi 200. Panda taratibu mpaka usome volti 20 hadi 30, usizidishe. Pande mbili zikilingana, adapta ni nzima. Bayasi yenyewe inatoka sehemu moja na kulisha pande zote, kwa hiyo mara chache huwa sababu ya upande mmoja tu kufifia.

Sasa waya. Waya bapa wa Stax una nyuzi sita: kila upande una mbili za stata na moja ya bayasi. Kabla ya kuupima, zima kila kitu, chomoa plagi, zungushia pini zote karatasi ya aluminiamu ya jikoni na uache saa kadhaa. Chaji itatoka. Kisha pima kila uzi kutoka pini hadi draiva. Uzi mzima unasoma omu chache tu. Aina ya udhaifu inakuambia uzi upi umekatika: ukikatika wa stata moja, sauti inashuka kama desibeli 6 na inakuwa chafu, hasa kwenye besi; ukikatika wa bayasi, inabaki minong'ono. Pini zilizoshika kutu zisafishwe kwa spiriti ya isopropili, ziachwe zikauke kabisa. Usibadilishe waya huu kwa waya wa hedifoni ya kawaida. Kuhami kwa waya wa kawaida hakutoshi kwa volti hizi, na nyuzi zilizobanana hula sauti za juu.

Kama yote hayo ni mazima, sikiliza kwa saa. Waka, acha muziki ucheze, na linganisha dakika ya 1, ya 10, ya 60. Upande unaoanza chini na kupanda polepole una tabaka lililochakaa: chaji inachukua muda mrefu kuenea kwenye utando. Unaoanza sawa na kushuka polepole unavujisha chaji, na mvujaji mkuu ni unyevu.

Hapa watu wa pwani wanahusika moja kwa moja. Hewa ya Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar wakati wa masika inatosha kuiangusha hedifoni ambayo ingefanya kazi vizuri mahali pakavu. Weka hedifoni kwenye kasha linalofunga vizuri pamoja na gramu 200 za silika iliyokauka (chembe za kunyonya unyevu), saa 48 hadi 72, kisha jaribu tena. Silika iliyokwisha kunyonya maji haifai kitu. Ikaushe kwanza kwenye oveni. Usitumie kikaushia nywele wala kuianika hedifoni juani. Joto hulegeza utando, na utando uliolegea haurudi.

Ikiwa tofauti inabaki baada ya kukausha na kuacha bayasi ikiwaka usiku mzima, tabaka la utando limekufa au kuna uvujaji wa kudumu. Testa ya omu kati ya stata na bayasi ikionyesha namba yoyote badala ya alama ya kutofika (OL), uvujaji umethibitika. Ikionyesha alama hiyo, bado haijathibitisha uzima, kwa sababu betri ya testa ni volti 9 na hedifoni inafanya kazi kwa mamia.

Inalia filimbi, inakwaruza, inatoa tiki-tiki

Tofautisha kwanza. Ukikandamiza vikombe vya Lambda kichwani na kusikia mlio mfupi wa kukunjamana, hiyo ni kawaida: hewa iliyobanwa imesukuma utando na karatasi nyembamba za kuzuia vumbi. Kwa kweli ni dalili nzuri, kwamba kikombe kinaziba vizuri. Upande usiotoa mlio huo ndio wa kuchunguza.

Filimbi inayoendelea hata bila muziki ni chembe ya vumbi au unywele ulioshikwa kati ya utando na stata, au unyevu. Kausha kama ilivyoelezwa. Kisha toa chaji kwa karatasi ya aluminiamu, maana vumbi lenye chaji hung'ang'ania. Likikosa chaji hulegea. Simamisha kikombe wima, kigonge taratibu kwa kidole mara kadhaa. Inatosha. Hewa ya kopo inachana utando, na mashine ya kunyonya vumbi inauvuta ukabamiza stata. Vyote viwili visikaribie.

Karatasi ya kuzuia vumbi ikiwa imechanika, filimbi itarudi hata ukisafisha mara kumi. Plastiki ya kufungia chakula inaweza kuishikilia kwa muda, lakini ni nzito kuliko ya asili na hupunguza kidogo sauti za juu. Ukiitumia, weka pande zote mbili.

Tiki-tiki yenye harufu kali kama ya hewa baada ya radi ni cheche zinazoruka. Zima papo hapo. Kila cheche inatoboa utando.

Besi imepotea

Kandamiza vikombe kwa viganja. Besi ikirudi, mito ya masikio inavujisha hewa. Ngozi bandia ya miaka 40 hubanduka vipande, na gundi ya nyuma hukauka. Miwani pia huacha mwanya.

Ng'oa mto wa zamani taratibu kuanzia kona moja. Gundi iliyobaki ondoa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo spiriti, draiva ikitazama chini ili tone lisiingie. Bandika mto mpya kwa utepe wa gundi wa pande mbili uliokatwa kufuata ukingo wote, bila pengo hata la milimita 2. Pengo hilo dogo ndilo linalokula besi.

Ukiwa hapo utakuta sponji nyembamba mbele ya draiva. Kwenye Lambda za zamani karibu zote imekuwa unga unaonata. Iondoe kwa kibano, kipande kwa kipande, kikombe kikiwa kimeelekea chini. Weka mpya yenye matundu wazi na unene uleule. Ukiiacha wazi, sauti za juu zitabadilika. Nyuma ya draiva za Lambda za awali kuna pamba ya kioo. Kama haijapukutika, usiiguse, na kama imepukutika vaa barakoa.

Besi ikikosekana hata ukikandamiza, na upande huo ukasikika mwembamba na mkali, huenda utando umenasa kwenye stata. Toa chaji, acha usiku mzima, jaribu tena. Ukinasa kila unapowasha, umelegea na draiva hiyo imekwisha.

Besi inayopasuka kwa sauti kubwa tu, pande zote, ni transfoma za adapta kufika kikomo. Punguza sauti.

Mvumo wa hezi 50

Mara nyingi ni ethi. Chomeka amplifaya, chanzo na adapta kwenye ekstensheni moja, na sogeza transfoma ya kushusha mbali na adapta.

Draiva imekufa

Draiva iliyogundishwa haifunguki bila kuharibika. Iliyofungwa kwa skrubu inaweza kuwekwa utando mpya, lakini kazi hiyo inataka chumba kisicho na vumbi, fremu ya kuvutia utando kwa usawa, na dawa ya kupaka yenye ukinzani mkubwa. Grafiti ikipakwa nene hupitisha umeme mno, chaji inakimbilia sehemu moja na cheche zinaanza.

Njia ya uhakika zaidi ni kununua hedifoni nyingine ya modeli ileile iliyovunjika kichwa au vikombe, ambalo ni jambo la kawaida kwa plastiki ya Lambda. Chukua draiva zake zote mbili kwa pamoja. Kuoanisha draiva ya mwaka mmoja na ya mwingine huleta tofauti ya sauti ambayo hakuna rezista itakayoirekebisha. Muombe muuzaji akuonyeshe zikicheza rekodi ya mono kwa angalau dakika 30, plagi na lebo ya volti zikionekana wazi. Zikifika, zikaushe kwanza kabla ya kuziwasha.